Mvua ya Miaka 100 ni Milimita Ngapi? Mwongozo Kamili wa Kukokotoa Mvua za Kupindukia Tabianchi Inapobadilika

Mhandisi anayesanifu kalvati, mpangaji wa mifereji ya maji ya mvua na mtu wa bima wote huja na ombi moja: "Nipe mvua ya miaka 100 ya eneo hili." Wanataka namba moja, na namba hiyo itabidi uitoe. Lakini kabla ya kufungua kompyuta kuna maswali matatu ya kuwarudishia. Mvua ya muda gani: dakika 15, saa moja au siku nzima? Ya mahali pamoja au ya bonde zima? Na ya mwaka gani? Hilo la mwisho zamani halikuulizwa, kwa sababu ilichukuliwa kwamba miaka ijayo itafanana na iliyopita. Sasa ndilo linaloweza kubadilisha jibu lote.

Mwongozo huu ni wa mtu mwenye data za mvua mkononi, anayeelewa wastani na grafu, na anayeweza kuandika mistari michache ya R au Python. Hesabu zenyewe programu itazifanya. Kinachotaka akili ni maamuzi yanayozunguka hesabu hizo.

Hatua ya 1: Elewa unachokokotoa

"Mvua ya miaka 100" ni kiwango ambacho kila mwaka kina uwezekano wa asilimia 1 wa kufikiwa au kupitwa. Haina maana kwamba ikinyesha leo tutapumua karne nzima. Inaweza kunyesha miaka miwili mfululizo bila hesabu yoyote kuvunjika.

Kwa mwenye mradi, namba yenye manufaa zaidi ni uwezekano wa kiwango hicho kupitwa angalau mara moja katika maisha ya mradi wake:

R = 1 − (1 − 1/T)^n

T ni kipindi cha marudio (100 kwa mvua ya miaka 100) na n ni miaka ya mradi. Daraja la miaka 30 lililosanifiwa kwa mvua ya miaka 100 lina uwezekano wa asilimia 26 wa kukutana na mvua kubwa kuliko hiyo. Mfereji wa miaka 50 uliosanifiwa kwa mvua ya miaka 50 una asilimia 64. Mwoneshe mteja namba hizi mapema, maana mara nyingi hapo ndipo yeye mwenyewe anapobadilisha swali.

Fomula hiyo inadhani uwezekano ni uleule kila mwaka. Tabianchi ikibadilika, unazidisha uwezekano wa kutopitwa mwaka kwa mwaka, kila mwaka na wake, kisha unaondoa jibu kwenye 1. Programu inafanya hivyo kwa kitanzi cha mistari mitatu.

Hatua ya 2: Safisha data, lakini usiifue hadi ichanike

Hapa ndipo muda wako mwingi utakapokwenda, na ni sawa uende hapa. Wastani wa mwaka husamehe kosa moja kwenye daftari. Thamani ya juu kabisa haisamehi, kwa sababu kosa lenyewe ndilo linalogeuka kuwa thamani ya juu kabisa.

Anza kwa kupanga siku zote kuanzia yenye mvua nyingi zaidi, kisha chunguza 30 za kwanza moja moja. Tafuta nukta ya desimali iliyopotea, 18.4 ikawa 184. Tafuta inchi zilizoandikwa kama milimita, au kinyume chake. Tafuta siku tatu tupu zikifuatwa na namba kubwa: huenda msoma kipimo hakuwepo, akarudi na kuandika maji yote yaliyokusanyika kana kwamba ni ya siku moja. Angalia pia kama nafasi tupu zimejazwa sifuri. "Hakukunyesha" na "hakuna aliyepima" ni mambo mawili tofauti kabisa, na kuyachanganya kunashusha matokeo yako kimyakimya.

Siku unayoitilia shaka usiifute kwa sababu tu ni kubwa mno. Linganisha na vituo vya jirani, picha za satelaiti, kimo cha mto, hata magazeti ya siku hizo. Kama jirani zote zilikuwa na mvua kubwa, ibaki. Mvua hizo chache ndizo zilizokuleta kwenye kazi hii.

Chunguza na historia ya kituo chenyewe. Kipima mvua kilichohamishwa kutoka uwanja wazi kwenda karibu na jengo, au kilichobadilishwa kutoka cha mkono kuwa cha kujiendesha, kinaweza kuzaa "mabadiliko ya tabianchi" ambayo hayapo. Jaribio la Pettitt la mwaka 1979 husaidia kuonesha mwaka ambao mfululizo uliruka ghafla. Ukiupata, nenda kwenye kumbukumbu za kituo kabla ya kutoa maelezo yoyote. Vipimo vya ndoo zinazopinduka navyo hupunja kwenye mvua kali sana, kwa sababu maji huendelea kuingia wakati ndoo inapinduka. Kwa mvua za dakika chache upungufu huo si wa kupuuzwa.

Jambo jingine linalosahaulika: kipimo cha kila siku husomwa saa ileile, tuseme saa tatu asubuhi. Dhoruba haifuati saa hiyo. Mvua iliyoanza saa nane usiku ikaisha saa tano asubuhi itakatwa vipande viwili, na hakuna siku itakayoonekana kubwa. Ndiyo sababu kiwango cha juu cha saa 24 zozote mfululizo huwa kikubwa kuliko cha siku ya daftari. Kigawe cha kurekebisha, yaani namba ya kuzidishia kiwango cha siku ya daftari, kilichozoeleka tangu kazi ya Hershfield mwaka 1961 ni 1.13. Kama una data za kila saa za eneo lako, kokotoa cha kwako.

Na kama huna kituo? Kuna CHIRPS, mkusanyo wa data za satelaiti na vituo, inayoanza 1981 ikiwa na vyumba (miraba ya ramani) vya takriban kilomita 5, na ERA5, data za modeli ya hali ya hewa iliyosahihishwa kwa vipimo, inayoanza 1940 ikiwa na vyumba vya takriban kilomita 31. Zinasaidia kujua mpangilio wa mvua kieneo na kimajira. Lakini kila chumba ni wastani wa eneo, na wastani hulainisha vilele. Ukisanifu paa kwa namba za ERA5 bila kuzilinganisha na kipimo chochote cha ardhini, umejidanganya.

Hatua ya 3: Chambua vilele

Njia ya kwanza ni kuchukua thamani moja ya juu kabisa ya kila mwaka. Gawa mwaka katikati ya kiangazi ili msimu mmoja wa mvua usikatwe na tarehe 1 Januari. Mwaka ambao umekosa data za msimu wa mvua uuache nje, hata kama asilimia 90 ya siku zake zipo. Siku zilizokosekana ndizo zilizokuwa na kazi.

Njia ya pili ni kuchukua kila mvua iliyopita kizingiti fulani. Inabana data vizuri zaidi, kwa sababu mwaka wenye dhoruba tatu kubwa unatoa zote tatu. Gharama yake ni maamuzi mawili. Kwanza, kizingiti chenyewe: kikiwa chini mno unaingiza mvua za kawaida, kikiwa juu mno unabaki na pointi chache. Jaribu vizingiti kadhaa, chora matokeo, kisha chagua cha chini kabisa ambacho baada yake makadirio yanatulia. Pili, siku mbili mfululizo za dhoruba moja zihesabiwe kama tukio moja. Weka kanuni, kwa mfano angalau siku mbili chini ya kizingiti kati ya tukio na tukio, na uiandike kwenye ripoti.

Kwa anayeanza nashauri vilele vya mwaka. Vizingiti avirudie baadaye kama ukaguzi.

Hatua ya 4: Linganisha mgawanyo, na uliangalie umbo kwa jicho kali

Vilele vya mwaka vina nadharia yake. Fisher na Tippett walionesha mwaka 1928, Gnedenko akathibitisha mwaka 1943, kwamba thamani za juu kabisa za sampuli kubwa huelekea kwenye aina tatu tu za migawanyo, yaani fomula zinazotoa uwezekano wa kila kiwango. Jenkinson akaziunganisha mwaka 1955 katika fomula moja inayojulikana kwa kifupi GEV (Generalized Extreme Value). Kwa vizingiti, mgawanyo unaofaa ni wa Pareto wa jumla, ambao Pickands aliujengea msingi mwaka 1975.

GEV ina vigezo vitatu: mahali (μ), upana (σ) na umbo (ξ). Kiwango cha kipindi cha marudio T ni:

x = μ + (σ/ξ) × [(−ln(1 − 1/T))^(−ξ) − 1]

Umbo ndilo linaloamua mkia wa mgawanyo, yaani mvua ambazo hujawahi kuziona zinaweza kuwa kubwa kiasi gani. Chukua kituo cha mfano chenye μ = 60 mm na σ = 18 mm, ubadilishe umbo peke yake:

ξ = 0: mvua ya miaka 10 ni 101 mm, ya miaka 100 ni 143 mm
ξ = 0.1: ya miaka 10 ni 105 mm, ya miaka 100 ni 165 mm
ξ = 0.2: ya miaka 10 ni 111 mm, ya miaka 100 ni 196 mm

Kwenye miaka 10 safu hizi tatu karibu zinapatana. Kwenye miaka 100 zimeachana kwa zaidi ya milimita 50. Ubaya ni kwamba miaka 30 au 40 ya kituo kimoja haiwezi kukuambia kama umbo ni 0 au 0.2. Yote mawili yatapita katikati ya pointi zako kwa uzuri uleule.

Kituo cha Maiquetía nchini Venezuela ndicho mfano ambao watu wa fani hii hawausahau. Desemba 1999 kilipima zaidi ya milimita 400 kwa siku moja, katika mvua zilizoleta maporomoko ya tope yaliyoua maelfu ya watu katika jimbo la Vargas. Vilele vya mwaka vya miongo iliyotangulia havikuwa na chochote kinachokaribia hapo. Ukivipatia Gumbel, yaani GEV yenye umbo sifuri, mvua ile inaonekana jambo lisilowezekana katika umri wa ustaarabu wote wa binadamu. Mgawanyo wenye mkia mzito hauitabiri siku yake, lakini angalau hauiiti muujiza.

Kwa hiyo usitumie Gumbel kwa sababu tu ni rahisi au ndiyo iliyomo kwenye kitabu cha chuo. Papalexiou na Koutsoyiannis walichapisha mwaka 2013 uchambuzi wa vituo zaidi ya 15,000 duniani, na wastani wa umbo kwa mvua za siku ukatoka takriban 0.11. Makadirio yako yakitoka −0.3 au 0.5 kwenye miaka 35 ya data, uwezekano mkubwa ni bahati ya sampuli.

Kwa kukadiria vigezo kutoka sampuli fupi, L-momenti za Hosking (1990), zinazotumia thamani zilizopangwa kwa ukubwa, huwa tulivu kuliko njia ya kutafuta uwezekano wa juu kabisa (maximum likelihood). Ila hatua ya 6 itakudai njia hii ya pili, kwa hiyo zizoee zote mbili. Kwenye R, kifurushi cha extRemes kinatosha.

Tahadhari moja itakayokuokoa: ishara ya umbo. Kwenye scipy ya Python, kigezo cha umbo cha genextreme kimegeuzwa: unachokiita ξ = 0.1 yenyewe inakiandika −0.1. Vitabu vingi vya haidrolojia navyo hugeuza vivyo hivyo. Ukichanganya, mkia mzito unakuwa mkia wenye kikomo, na hakuna ujumbe wa kosa utakaotokea.

Hatua ya 5: Kagua kwa macho

Chora thamani ulizopima dhidi ya zile ambazo modeli inazitarajia. Pointi zikae karibu na mstari. Zile mbili tatu za juu zikipanda mbali juu ya mstari, mkia wako ni mwepesi mno. Majaribio ya takwimu ya ulinganifu yana nguvu ndogo mahali unapopajali zaidi, kwa hiyo grafu itangulie.

Hatua ya 6: Ingiza mabadiliko ya tabianchi

Anza na fizikia. Hewa ikipata joto kwa nyuzi 1 ya Selsiasi inaweza kubeba mvuke zaidi kwa takriban asilimia 7. Mvua za kupindukia za siku moja kwa wastani wa dunia hufuata karibu kiwango hicho. Ripoti ya IPCC, jopo la Umoja wa Mataifa la tabianchi, ya mwaka 2021 inasema mvua ya nchi kavu ambayo kabla ya ushawishi wa binadamu ilikuja kwa wastani mara moja katika miaka 10, dunia ikiongezeka joto kwa nyuzi 1.5 itakuja kwa wastani mara 1.5 katika miaka hiyohiyo 10 na itakuwa na maji mengi zaidi kwa asilimia 10.5. Kwa nyuzi 4 ni mara 2.7 na asilimia 30.2. Mvua za saa moja au chini zinaweza kupita asilimia 7 kwa kila nyuzi katika baadhi ya maeneo, kwa sababu dhoruba yenyewe huvuta unyevu zaidi inapokua. Maeneo mengine yanapunguza, kwa sababu njia za upepo nazo zinahama.

Wengi hapa hukimbilia jaribio la Mann-Kendall, la kutafuta mwelekeo wa kupanda au kushuka, kwenye kituo chao, hawaoni mwelekeo, wanaandika "hakuna ushahidi wa mabadiliko" na kufunga faili. Tufanye hesabu. Kituo chetu cha mfano chenye ξ = 0.1 kina wastani wa vilele wa milimita 72 na mkengeuko sanifu wa milimita 27. Tuseme dunia imepata joto nyuzi 1 katika miaka 40 ya data, na mvua imefuata asilimia 7. Ongezeko ni milimita 5. Kosa sanifu la kukadiria ongezeko hilo kwa mstari ulionyooka ni takriban milimita 15. Mabadiliko yapo, tumeyaweka wenyewe, na jaribio halitayaona isipokuwa kwa bahati. Kituo kimoja kukaa kimya hakuthibitishi chochote.

Dawa ni kuunganisha vituo. Chukua vituo vya eneo lenye mvua za asili moja, gawanya vilele vya kila kituo kwa wastani wake, kisha kadiria umbo na mwelekeo kwa pamoja. Ila vituo 20 vya miaka 40 si miaka 800 ya ushahidi, kwa sababu dhoruba moja hulowesha vituo vingi kwa siku moja. Hilo tutalirudia kwenye mipaka ya uhakika.

Kuhusu modeli yenyewe, usiufunge mwelekeo kwenye namba ya mwaka. Mwaka haufanyi mvua. Tumia wastani wa joto la dunia uliolainishwa kwa miaka michache, ili El Niño ya mwaka mmoja isijifanye kuwa mabadiliko ya tabianchi. Kisha fanya μ na σ vikue kwa uwiano mmoja:

μ(G) = μ₀ × exp(αG), σ(G) = σ₀ × exp(αG)

G ni joto la dunia ukilinganisha na kipindi cha rejea, na umbo linabaki palepale. Ni kigezo kimoja tu kipya, α. Usikubali kishawishi cha kuliruhusu umbo nalo libadilike, kwani hata likiwa limesimama huwezi kulipima sawasawa. Kama eneo lako linatawaliwa na El Niño au na mzunguko wa joto wa Bahari ya Hindi, ongeza kipimo chake kama kigezo saidizi, upate kutenganisha msimu mbaya na tabianchi mpya.

Tazama kinachotokea. Kituo chetu chenye ξ = 0.1 kilikuwa na mvua ya miaka 100 ya milimita 165. Joto likiongezeka nyuzi 1 na α ikileta ongezeko la asilimia 7, kiwango cha miaka 100 kinafika 177. Na ile 165 sasa inakuja kwa wastani mara moja katika miaka 68. Ukirudia kwa ξ = 0, mvua yako ya zamani ya miaka 100 inakuwa ya miaka 60. Milimita zimeongezeka kidogo, marudio yamebadilika sana. Toa namba zote mbili, maana msomaji anayeona moja peke yake hudhani ameambiwa habari tofauti kabisa.

Ukipata α kutoka kwenye data za eneo, ilinganishe na asilimia 7. Ikitoka 25 au −10, tafuta kwanza kosa la data au kituo kilichohamishwa, halafu ndipo uwaze hali ya hewa.

Hatua ya 7: Peleka mbele

Kwa mradi utakaodumu hadi 2070, unahitaji G ya miaka hiyo chini ya njia kadhaa za utoaji wa gesi joto. Njia nyepesi ni kuiingiza G hiyo kwenye modeli yako. Njia ya pili ni kutumia modeli za tabianchi za dunia au za kanda. Milimita zao usizichukue zilivyo, kwa kuwa ni wastani wa chumba cha makumi ya kilomita. Chukua uwiano: kiwango cha miaka 20 cha kipindi kijacho gawanya kwa cha kipindi kilichopita ndani ya modeli ileile, kisha zidisha matokeo ya kituo chako kwa uwiano huo. Tumia modeli nyingi uwezavyo, na usichague ile inayompendeza mteja.

Hatua ya 8: Kokotoa mipaka ya uhakika

Chota upya miaka ya data kwa bahati nasibu, ukirudisha kila uliouchota, kokotoa tena kila kitu, na urudie mara elfu moja. Ukiwa na vituo vingi, chota mwaka mzima na vituo vyake vyote kwa pamoja. Hivyo dhoruba moja haihesabiwi mara 20. Panga matokeo kutoka dogo hadi kubwa na uchukue yaliyo kwenye nafasi ya asilimia 5 na ya asilimia 95.

Mipaka itakuwa mipana. Kwa mvua ya miaka 100 kutoka miaka 40 ya kituo kimoja, usishangae kikomo cha juu kikiwa mara moja na nusu ya makadirio. Juu ya hapo, tofauti kati ya chaguo la ξ na chaguo la α mara nyingi huonesha kwamba mkia una mashaka makubwa kuliko tabianchi. Katika kituo chetu, kutoka ξ = 0.1 hadi 0.2 kunaongeza milimita 31. Nyuzi 1 ya joto inaongeza 12. Anayelipa kwa ajili ya uchambuzi wa tabianchi huku akitumia Gumbel ya kituo kimoja amenunua upande mdogo wa tatizo.

Hatua ya 9: Andika jibu

Jibu lililokamilika husomeka hivi: "Mvua ya saa 24 zozote mfululizo yenye uwezekano wa asilimia 1 kwa mwaka katika tabianchi ya miaka ya 2050, kwa njia ya kati ya utoaji wa gesi joto, inakadiriwa kuwa milimita kadhaa, mipaka ya asilimia 90 ikiwa kuanzia hapa hadi pale." Taja idadi ya vituo na miaka, kigawe cha kurekebisha ulichotumia, namna umbo lilivyopatikana, na α. Ambatanisha data safi pamoja na programu uliyoandika, na orodha ya kila thamani uliyoibadilisha na sababu yake. Dhoruba kubwa ijayo ikipita juu ya kituo, yeyote aiongeze pointi hiyo na kuendesha upya hesabu siku hiyohiyo. Asiiongeze peke yake, bali pamoja na miaka yote iliyofuata uchambuzi, hata ile iliyokuwa mikavu, la sivyo modeli itakuwa inalishwa habari mbaya tu.